Mgeni Alipougua Katanga

Mtu akiugua kwao, hata akiwa maskini, hakosi mlango wa kubisha. Yuko mama wa kumpikia uji, yuko ndugu wa kumbeba kwa machela mpaka hospitali ya misioni, wako majirani wa kumwuliza asubuhi kama amelala vema. Lakini mtu akiugua ugenini, nani ajuaye hata jina la baba yake? Nani atamwambia munganga ugonjwa ulianza lini? Na akifa, nani atapeleka habari kwao?

Maswali haya si mapya katika nchi yetu. Yaliulizwa zaidi ya miaka mia iliyopita huko Katanga, wakati vijana wa Lomami, wa Lulua, wa Luapula, wa Rwanda na Burundi walipoitwa kuchimba shaba. Wengi wetu ni wajukuu na vitukuu vyao. Tunajua majina ya mashimo waliyochimba, lakini jinsi walivyougua na jinsi walivyotunzwa hatuijui sana. Basi tunataka kuisimulia habari hiyo hapa, kwa sababu ina fundisho moja linalotuhusu hata leo: kumpima mgeni ni jambo moja, kumpokea ni jambo jingine.

Nchi ya shaba, watu wachache

Kabla ya Wazungu, watu wa Katanga walijua shaba. Waliiyeyusha katika tanuru za udongo, wakatengeneza ile misalaba ya shaba iliyotembea kama mali katika biashara za mbali. Lakini nchi yenyewe haikuwa na watu wengi. Mahali pengi mbung'o walizuia ng'ombe, na vita na utumwa wa karne ya 19 vilikuwa vimetawanya vijiji.

Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa. Mwezi wa Septemba 1910 reli iliyotoka kusini, kupitia Rhodesia, ikafika mahali palipoitwa Elisabethville, ndipo Lubumbashi ya leo. Mwaka 1911 tanuru kubwa ya Lubumbashi ikaanza kuyeyusha shaba. Mawe yalikuwako, reli ilikuwako, moto ulikuwako. Watu hawakutosha.

Ndipo mwaka 1910 kikaanzishwa chama cha kutafuta wafanya kazi, kilichoitwa Bourse du Travail du Katanga. Waandikishaji wake walikwenda vijijini kwa masultani. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, waandikishaji wa Robert Williams waliwatafuta watu ng'ambo ya Luapula. Mwaka huo huo wa 1910 Serikali ya Ubelgiji iliweka sheria ya kodi ya fedha. Kijana asiye na franka alijua ni wapi pa kuzipata. Wengine walikwenda kwa hiari yao, wakitaka nguo, bunduki, au mahari. Wengine walitajwa na sultani, wakafuata kwa sababu hawakuweza kukataa.

Walikwenda kwa miguu. Toka Lomami mpaka mashimo ya shaba ilikuwa safari ya majuma mengi. Walilala chini kando ya njia, walikunywa maji ya kila mto, walikula walichokikuta. Mtu aliyetoka kwao na mwili mzuri aliweza kufika amekonda, na miguu imejaa vidonda. Kwa hiyo ugonjwa wa Katanga kwa watu wengi haukuanzia Katanga. Ulianzia njiani.

Kupimwa

Ilikuwa desturi kumpima kila aliyeandikwa. Munganga, au msaidizi wake, alimtazama macho na kifua, akamwangalia kama ana kidonda au ngiri, akamchanja ndui. Tena aligusa shingo kwa vidole, kutafuta tezi zilizovimba, kwa maana hiyo ilikuwa dalili ya malale. Ugonjwa huo uliogopwa sana wakati ule, na kwa haki. Huko Luapula Waingereza walivihamisha vijiji mbali na mto kwa ajili yake, na katika Kongo yetu, tangu 1910, watu wa sehemu zenye malale walitakiwa kuwa na karatasi la munganga kabla ya kusafiri.

Hatusemi kwamba kupima kulikuwa kubaya. Kwa kugusa tezi za shingo wengi waligunduliwa mapema. Chanjo ya ndui iliokoa watu, na hatimaye, baada ya miaka mingi ya kazi ya mataifa yote, ndui yenyewe ilikwisha duniani, ikatangazwa hivyo mwaka 1980.

Lakini tuangalie swali lililoulizwa pale kwenye mstari. Munganga hakuulizwa, «Mtu huyu anahitaji nini ili awe mzima?» Aliulizwa, «Mtu huyu atafaa kwa kazi?» Aliyefaa alipewa blanketi na kipande cha kazi. Asiyefaa aliambiwa arudi kwao, pengine umbali wa siku nyingi, na ugonjwa wake mwilini. Hakuna aliyemfuata kumwuliza kama alifika.

Kwa nini walikufa wengi

Katika miaka ile ya kwanza vifo vya kambini vilikuwa vingi mno, hata Serikali na kampuni vikaona aibu na hasara. Sababu zake tunaweza kuzitaja moja moja.

Ya kwanza ni baridi. Msomaji asiyejua Katanga atashangaa. Lakini Elisabethville iko juu, karibu metre 1,200 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai ni mkali. Mtu aliyetoka bonde la joto alilala ndani ya nyumba ya majani, na blanketi moja, baada ya kutoka jasho mchana kutwa. Homa ya mapafu iliwakuta wengi hivyo.

Ya pili ni kukusanyika. Kijijini watu ni wachache na nyumba ziko mbalimbali. Kambini walilala wengi katika chumba kimoja, wametoka nchi kumi, kila mmoja ameleta kikohozi cha kwao. Mwili unajua kupigana na adui uliyekwisha kutana naye. Adui mpya huukuta hauna silaha. Ndiyo maana waliokufa zaidi walikuwa wale wapya, katika miezi yao ya kwanza. Aliyepita miezi ile alikuwa na tumaini la kuishi.

Ya tatu ni maji na vyoo. Visima vilichimbwa bila kina, vyoo vilikuwa karibu. Mvua ziliponyesha, uchafu uliingia majini. Kuhara damu na homa ya matumbo vikatembea kambini kama moto katika majani makavu.

Ya nne ni chakula. Posho ya juma ilikuwa hasa unga wa mahindi. Unga huo ulitoka mbali kwa reli, mara nyingine umeliwa na wadudu. Mboga zilikosekana. Mtu asiyepata majani mabichi wala matunda hupatwa na kiseyeye: ufizi unatoka damu, meno yanalegea, vidonda haviponi. Na yule aliyezoea bukari laini yenye sombe au lengalenga alipaswa kujipikia usiku, amechoka, bila mke, bila dada. Wengi walikula unga usioiva vizuri, na tumbo likawauma.

Hospitali zilikuwako, lakini mgonjwa mwenyewe aliogopa kwenda. Siku aliyolala hospitalini haikuwa siku ya kazi, na mapatano yake yalihesabiwa kwa siku za kazi. Tena munganga hakujua lugha yake. Mluba wa Lomami na Mubemba wa Luapula walimweleza munganga Mbelgiji maumivu yao kwa njia ya mtu wa tatu, kwa Kiswahili ambacho wote watatu walikuwa wanakijifunza. Hapo maneno mengi yalipotea, na pamoja na maneno, watu.

Habari hizi zilirudi vijijini. Mwandikishaji alipoonekana, vijana walikimbilia porini. Wazungu wengine walisema ni uvivu. Lakini mtu anayekimbia mahali alipofia kaka yake si mvivu.

Mafua makubwa ya 1918

Kisha vikaja vifo vya namna nyingine. Mwaka 1918, Vita Kuu ilipokuwa inakwisha, mafua makubwa yaliyoitwa ya Kispania yalizunguka dunia. Afrika ya Kusini yalipiga sana mwezi wa Septemba na Oktoba. Toka bandari za huko yakapanda gari la moshi. Yakafuata reli ile ile iliyobeba makaa na mashini, yakapita Rhodesia, yakafika Elisabethville kabla ya mwisho wa mwaka.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Reli ilijengwa ili shaba ishuke baharini. Haikuulizwa ni kitu gani kingine kitapanda. Kila njia inayomleta mfanya kazi inaweza kuleta na ugonjwa wake, na asiyemlinda mfanya kazi hawezi kujilinda mwenyewe. Mafua yale hayakuchagua. Yaliingia katika nyumba za matofali za Wazungu na katika nyumba za majani za kambini. Tofauti ilikuwa moja: ndani ya nyumba ya matofali alikuwako mtu wa kumpa mgonjwa maji. Katika chumba cha kambi, wote waliougua siku moja, maji alileta nani?

Wagonjwa walipopata nafuu, au walipoogopa, walikimbilia kwao. Hivyo mafua yakafika hata vijijini ambako reli haijapata kuonekana.

Watu wa Rwanda na Burundi

Baada ya vita watu wakatakiwa zaidi. Wakati huo Ubelgiji ulikuwa umekabidhiwa na Shirika la Mataifa nchi za Rwanda na Urundi, ambazo mwaka 1925 ziliunganishwa na Kongo katika utawala. Huko watu walikuwa wengi. Basi tangu 1925 kampuni ikaanza kuandika wafanya kazi kule milimani.

Safari yao ilikuwa hivi. Walishuka kwa miguu toka milimani mpaka ziwa la Tanganika. Wakapanda meli mpaka Albertville, ndipo Kalemie. Toka pale reli mpaka Kabalo, kisha meli ya mtoni juu ya Lualaba mpaka Bukama, kisha reli tena mpaka machimbo. Hawakutembea sana kama watu wa Lomami wa zamani. Lakini walishuka toka milima ya baridi isiyo na malaria nyingi, wakapita ziwani na mtoni, katikati ya mbu. Miili yao haikuwa na mazoea ya homa hiyo.

Tena walikuwa watu wa maharagwe, wa ndizi, wa viazi na mtama. Wakapewa unga wa mahindi. Kwa mtu anayesoma hesabu za posho, chakula ni chakula. Kwa tumbo la mtu aliyelelewa na maharagwe, mabadiliko ya ghafula ni ugonjwa. Wengi wao waliharisha, walikonda, na vifo vyao vilizidi vya wengine. Hapo wanganga wa kampuni walijifunza jambo ambalo mama yeyote wa Rwanda angewaambia bure.

Wakaanzisha kambi za kuzoezwa. Mtu mpya hakupelekwa shimoni mara moja. Alikaa kwanza, akalishwa vizuri, akachanjwa, akapewa kazi nyepesi, akapimwa uzito juma kwa juma. Aliyenenepa akaendelea. Jambo hili lilikuwa jema, na liliokoa maisha. Lakini hata hivyo dawa iliyokosekana ilikuwa nyingine, na kampuni ilianza kuiona karibu na wakati ule ule.

Kule nyumbani njaa kubwa ya Rwakayihura iliipiga Rwanda mwaka 1928 na 1929, na watu wengi wakahama, hasa kwenda Uganda. Hivyo kijana aliyekuwa Katanga alikuwa na hofu mbili: ya kufia ugenini, na ya kurudi akute nyumba tupu.

Mke, nyumba, na supu ya watoto

Karibu na mwaka 1928 Union Minière ikabadili njia yake. Badala ya kuchukua wanaume peke yao kwa miezi michache na kuwarudisha, iliwaandika kwa miaka mitatu, ikawaita waje na wake zao. Ikajenga nyumba za matofali, ikaweka mabomba ya maji, ikafungua nyumba za kuzalia, na mahali pa kupima watoto. Shule zikakabidhiwa kwa wamisionari. Wabenedikto walikuwa Katanga tangu 1910, na Wasalesiani tangu 1911. Munganga mmoja, Léopold Mottoulle, ndiye aliyeongoza kazi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1946 aliandika kitabu juu yake.

Matokeo yalionekana. Vifo vilipungua sana. Ni kwa dawa mpya? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini tusisahau mambo madogo. Mwanamume aliyerudi toka shimoni alikuta bukari imeiva. Alikuta maji yamechemshwa, nguo zimefuliwa, na mtu wa kumwambia, «Leo unakohoa vibaya, twende kwa munganga.» Bustani ndogo nyuma ya nyumba ilitoa mboga, na kiseyeye kikatoweka. Wanawake hawa hawakuandikwa katika vitabu vya mshahara. Lakini sisi tunasema kwa uhakika kwamba mauguzi ya kwanza ya Katanga yalifanywa nao.

Kanisa lilikuwa limelisema jambo hili kwa njia yake lenyewe. Papa Pio wa 12, katika barua yake Exsul Familia ya mwaka 1952, aliiweka Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano na mlinzi wa wote wanaohama. Yosefu hakwenda peke yake kutafuta kazi. Alimchukua Mtoto na Mama yake. Mtu anapohama na jamaa yake, anahama akiwa mtu mzima. Anapohama peke yake, nusu yake inabaki.

Kasoro iliyojificha

Je, basi mambo yakawa mema? Tukisema ndiyo, tutawadanganya wasomaji. Tuangalie vizuri ni kwa nini kampuni ilijenga vile. Kuandika watu mbali kulikuwa na gharama kubwa. Kila aliyekufa au kukimbia alikuwa hasara. Tena reli mpya ya Bukama mpaka Port-Francqui, ndipo Ilebo, iliyomalizika mwaka 1928, nayo ilikuwa imewavuta wafanya kazi wengi. Kwa hiyo ilikuwa rahisi zaidi kumtunza mtu aliyekwisha fika, na kumlea mtoto wake awe mfanya kazi wa kesho. Supu ya watoto ilikuwa supu ya kweli, na watoto walipona kwayo. Lakini iliandikwa katika hesabu ya shaba.

Maana yake ilionekana upesi. Kati ya 1930 na 1932 bei ya shaba ilianguka katika dunia nzima. Kampuni iliyokuwa na wafanya kazi zaidi ya elfu kumi ikabaki na sehemu ndogo yao. Wengine wakarudishwa kwao kwa maelfu, na wake zao, na watoto waliozaliwa kambini. Siku moja baba alikuwa na munganga, dawa, na nyumba ya kuzalia. Siku ya pili hakuwa nacho hata kimoja, ingawa mwili wake ulikuwa ule ule, na kikohozi kile kile.

Tena wako waliofanya kazi chini ya ardhi, kama vile Kipushi. Vumbi la mawe huingia mapafuni na halitoki. Mapafu yenye vumbi hufungua mlango kwa kifua kikuu. Ugonjwa huu hauna haraka. Pengine unaonekana mtu akiwa amekwisha maliza kazi, amerudi kijijini, mbali na hospitali iliyomjua. Hapo anakohoa katika nyumba moja na wajukuu wake. Shaba imekwenda Ulaya, mshahara umekwisha, na vumbi limebaki kwake.

Ndiyo kasoro yenyewe: matibabu yalifungwa na kazi. Aliyekuwa na kipande cha kazi alitibiwa. Ndugu aliyemtembelea, mjane, mchuuzi wa sokoni, kijana aliyekuja bila kuandikwa, hawa walitafuta mlango mwingine. Mara nyingi mlango huo ulikuwa wa misioni.

Stesheni za 1992 na 1993

Uhuru ulipatikana 1960. Tangu 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ikawa ya taifa, na kampuni mpya baadaye ikaitwa Gécamines. Hospitali ziliendelea, na kwa miaka kadhaa zilisifiwa katika nchi nzima. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1990 shimo la Kamoto likaporomoka. Mwaka 1993 shaba iliyotoka haikufika tani 50,000.

Katika umaskini huo likaja jambo tunaloliandika kwa huzuni. Mwaka 1992 na 1993 siasa iliwagawanya watu waliokaa pamoja kwa vizazi viwili na vitatu. Wana wa Kasai, wengi wao wamezaliwa Katanga, wajukuu wa wale walioitwa kuchimba shaba na kujenga reli, wakaambiwa kwamba hapo si kwao. Wakafukuzwa katika nyumba. Wakakimbilia stesheni ya Likasi na ya Kolwezi, wakingojea treni ya kwenda Kasai.

Treni hazikuja upesi. Watu walilala katika stesheni na mashuleni, majuma na miezi, chini ya mvua. Na hapo yalirudi yale yale ya mwaka 1912: kusanyiko bila vyoo, maji machafu, kuhara, surua ya watoto, njaa. Wengi walikufa stesheni, wengine njiani ndani ya mabehewa. Wengi wa baba hao siku chache kabla walikuwa na haki ya kutibiwa katika hospitali nzuri. Haki hiyo ilibaki mlangoni pa nyumba waliyofukuzwa.

Mapadri, masista, Wakristo wengi wa Katanga yenyewe, na wanganga wa misaada waliotoka ng'ambo, walifanya walichoweza. Walipika uji, walichanja watoto, walizika. Hatuandiki haya ili kufungua vidonda vya zamani, wala kuhukumu kabila lolote. Tunaandika kwa sababu ni mwisho wa hadithi ile ile. Mtu aliyepimwa vizuri, akatibiwa vizuri, lakini hakupokewa kabisa kuwa mwenyeji, siku ya taabu anaweza kurudishwa stesheni.

Na sisi leo?

Leo waandikishaji wa vijijini hawako tena. Tangu 2003 wafanya kazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango wa malipo ya mara moja, na matibabu ya kampuni wakayaacha huko. Lakini watu wanaendelea kuja. Vijana wa Kasai na wa sehemu nyingine wanafika Kolwezi na Likasi kuchimba kwa mikono shaba na kobalti. Hawa hawapimwi na mtu yeyote. Hawana kipande, hawana posho, hawana kambi ya kuzoezwa. Wanalala wengi chini ya turubai moja, wanakunywa maji ya karibu, wanavuta vumbi. Tumerudi mahali pa kuanzia, pasipo hata yule munganga wa mstarini.

Sisi makatekista tunaotembelea wagonjwa tumeyaona kwa macho. Siku moja wachimbaji walimleta mwenzao aliyevunjika mguu, kijana aliyetoka mbali. Mahali pa matibabu, ambapo hatupataji, waliulizwa kwanza fedha. Kisha wakaulizwa, «Ndugu yake ni nani?» Wakatazamana. Mmoja akajibu kwamba ndugu zake ni wao, ingawa jina lake la pili hawakulijua. Jumuiya yetu ya mtaa ilichanga usiku ule. Mguu ulipona, lakini tulichelewa, na leo anachechemea.

Ndugu wasomaji, yule Msamaria wa Injili alifanya mambo mawili. Alimfunga vidonda mtu yule aliyepigwa njiani: hiyo ni tiba. Kisha akampeleka nyumbani mwa wageni, akalipa, akaahidi kurudi: huko ndiko kupokea. Wakubwa wa Katanga ya zamani walijifunza nusu ya kwanza kwa gharama kubwa, na ya pili kwa faida tu. Papa Yohane wa 23, katika Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliyataja matibabu kati ya haki za kila binadamu, tena haki ya kuhama. Hakusema kwamba ni haki ya mwenye kipande cha kazi.

Basi tufanye nini? Tusingojee makubwa. Kila jumuiya ya Kikristo iliyo karibu na machimbo iwe na watu wawili au watatu wanaojua wageni waliofika mtaani: jina lao, kwao, na mtu wa kuarifiwa wakiugua. Liandikwe katika daftari. Sanduku dogo la wagonjwa lisiwe la wenyeji peke yao. Anayekohoa zaidi ya majuma mawili asindikizwe kwenye kituo cha afya apimwe kifua kikuu, maana dawa zake hutolewa bure, lakini ni lazima azimeze miezi mingi, na mtu aliye peke yake huziacha. Mama mgeni mwenye mimba apelekwe kupimwa mapema, na jirani anayejua lugha yake aende naye. Na wale wenye kazi katika hospitali zetu wakumbuke kwamba mgonjwa asiye na ndugu hana mwingine wa kumsemea ila wao.

Haya si mambo ya fedha nyingi. Wanawake wa kambi za mwaka 1928 waliyafanya kwa chungu cha maji na jicho lililoangalia. Tukifanya hivyo, kijana anayeshuka leo kwenye gari huko Kolwezi, na mfuko wake mdogo na kikohozi chake, atapata kule ugenini mlango mmoja wa kubisha.